Meza Tatu kwa Jioni Moja

Jumapili, 5 Oktoba

Tumefika. Joto la Florida limetupokea nje ya uwanja wa ndege kama shangazi mwenye mapenzi mengi. Limetukumbatia na mpaka sasa halijatuachia.

Hoteli iko ndani ya bustani yenyewe ya starehe, Bandari ya Nyota. Muziki unatoka kwenye mawe. Nimetafuta anayeupiga, nimechoka, nimeacha. Nimekaa barazani na daftari hili, miguu juu. Ng'ambo ya ziwa milima ya bandia inafuka moshi wa waridi. Hapa mtu anasahau kabisa kwamba yeye ni muuza mazulia wa Fort Wayne, Indiana.

Lakini sikuja kusahau. Nina siri!

Siku sitini zilizopita, alfajiri ileile mikahawa ya hapa ilipoanza kupokea nafasi za wiki hii, mimi nilikuwa macho. Nikashika meza. Si moja. Tatu kwa kila jioni, saa ileile, mikahawa mitatu. Ya kwanza kwa jina langu, Delmar Pruitt. Ya pili kwa jina la mke wangu, Lorna. Ya tatu kwa jina la Waffles, aliyekuwa mbwa wetu. Mtambo haukubali jina moja lishike meza mbili kwa wakati mmoja. Kama mwenye jina ana mkia, hauulizi.

Ni wizi? Hapana. Ni hekima. Nani ajuaye leo tumbo lake litataka nini siku sitini zijazo?

Curtis Vandermolen anajua. Huyu ni mwanyumba wangu, amemwoa Janine, dada yake Lorna. Daktari wa meno. Amekuja na karatasi iliyovalishwa plastiki: mlo mmoja, meza moja. Ameisoma yote kwa sauti ndani ya basi. Nikamuuliza, je, siku hiyo ukiamka hutaki samaki? Akasema unaghairi mapema, mwenzako apate. Akaongeza kwamba anayeshika meza asiyoikalia anamwondolea kiti mtoto wa watu akiwa tayari kainama kukaa. Basi zima likanigeukia. Kwa nini mimi? Hakuna anayejua!

Sasa jambo kubwa. Alhamisi mama mkwe, Bi Opal, anatimiza miaka themanini. Zawadi haitaki, keki haitaki. Anataka chakula cha mchana Kioo cha Ziwa, mkahawa wenye sakafu ya kioo, samaki wanapita chini ya viatu vya watu. Alikula hapo na marehemu Walter, mumewe, mwaka ulipofunguliwa. Curtis amehangaika siku sitini, hakuna nafasi. Leo amemwomba radhi. Bi Opal akampapasa shavu, akamwambia, "Usijali, mwanangu, umejitahidi."

Mwanangu! Mimi nimekaa na binti yake miaka ishirini na minane na bado ananiita "huyo wa Lorna".

Haya. Nani kashika meza Kioo cha Ziwa, Alhamisi, saa sita na nusu? Waffles! Ya watu wanne, maana za watano zilikuwa zimekwisha. Kiti cha tano nitakipata kwa maneno matamu. Sijamwambia mtu. Nitasema siku yenyewe, saa sita na robo, mbele ya wote. Nimeshaanza kujizoeza uso wa unyenyekevu kwenye kioo cha bafuni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku nzima nimeelea. Kuna mto wa kutengeneza unaozunguka hoteli. Unakaa ndani ya boya, maji yanakupeleka yanakotaka, unapita chini ya maua, chini ya daraja, tena chini ya maua. Bi Opal amepita amelala, kofia usoni. Nikapungia kofia.

Jioni nilikuwa na meza tatu. Shamba la Bibi, kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Gati la Kamba. Jiko la Milimani, nyama ya moshi. Zote saa kumi na mbili na nusu. Curtis na wenzake wakaenda kwenye meza yao moja, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Mimi na Lorna tukapanda kile kimashua cha taa kinachozunguka ziwa. Nikamwambia tutaamua njiani.

Hatukuamua. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima ambao ndani ni bati tupu, nami najua ni bati, na bado moyo ulinilegea. Maji yakawa rangi ya pichi lililoiva. Lorna akaniwekea kichwa begani. Mara ya mwisho alifanya hivyo sikumbuki ni lini. Tukapita Shamba la Bibi, harufu ya kuku ikatufuata juu ya maji. Tukapita Gati. Mwendesha mashua akauliza tunashuka wapi. Tukamwambia zungusha.

Kwenye mzunguko wa tatu Lorna akaninong'oneza: "Zighairi hizo, Delmar. Kubonyeza tu. Kuna watu wana njaa." Nikamwambia nikighairi moja, halafu moyo ukaitaka hiyohiyo? Akasema moyo wangu una adabu mbaya. Lakini kichwa hakukitoa.

Mizunguko minne. Tulipokanyaga nchi kavu ilikuwa saa moja na nusu, meza zote tatu zimekufa. Tukanunua soseji kwenye mkate, tukala tumekaa ukingoni, haradali inatiririka mpaka kwenye viwiko. Sijala kitu kitamu vile tangu nizaliwe.

Simu ikalia mara tatu. Faini. Faini. Faini. Kwa kutokutokea na kutokughairi.

Uonevu! Nitashughulika nao kesho.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeshughulika nao. Akili ni nywele!

Nimepiga simu baada ya chai. Nikasema jana jioni tulishindwa kuja, binti yangu Waffles hali yake mbaya. Sauti ya upande wa pili ikayeyuka. Pole sana, baba. Ana miaka mingapi? Nikasema kumi na mitatu. (Kweli.) Anakula? Nikasema hali chochote. (Kweli tupu.) Analala? Nikasema ndiyo, usingizi mzito. Akaniambia nisijisumbue na faini, zimefutwa, na nisijisumbue na kitu kingine chochote, wao watapanga kila kitu, mimi nikae na mtoto.

Watu wema kama nini. Nikaenda kuelea. Nikasinzia nikaota meza zinaelea pamoja nami, zimetandikwa vitambaa vyeupe, mishumaa inawaka, zinanifuata taratibu kama bata na mama yao. Nikizigeukia zinasimama. Nimeamka nimechomwa na jua upande mmoja.

Alasiri, mlango ukagongwa. Curtis akaufungua, maana vyumba vyetu vimeungana, kosa ambalo sitalirudia. Alikuwa mhudumu, na puto kubwa la fedha, na bakuli la supu ya kuku, na kadi. Curtis, asiyeweza kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti, akasoma: "Upone haraka, mpenzi wetu Waffles."



Lorna akakaa kitandani, akaanza kulia. Waffles alitufia mwezi Machi, mapajani mwake, kwenye gari. Nilisema ni makosa ya hoteli. Nikasema tena. Janine akasema makosa ya hoteli yamejuaje jina la mbwa. Nikaenda kumshika Lorna mabega, akanitoa mikono, kisha akairudisha mwenyewe. Tulikaa hivyo. Puto lilikuwa linajigonga darini polepole.

Bi Opal alikunywa supu yote. Akasema nzuri, ila imepungua chumvi. Akanitazama kwa muda mrefu, kijiko mkononi, macho yale ya mwalimu wa hesabu aliyestaafu. 

Bado nina Alhamisi. Alhamisi itafuta yote.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa!

Kwenye chai ya asubuhi Curtis kasimama na glasi ya maji ya machungwa. Akatangaza kwamba kila alfajiri huwa anaangalia kama kuna mstaarabu aliyeghairi. Leo kamkuta mmoja. Kioo cha Ziwa, kesho, saa sita na nusu. Watu wanne.

Bi Opal alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Akalia! Mimi sijawahi kumwona Bi Opal akilia, hata kwenye mazishi ya Walter. Curtis akasema anamshukuru yule mtu wa watu, popote alipo, aliyekumbuka wenzake.

Nikaweka mkate chini. Watu wanne, saa sita na nusu? Nikafungua simu chini ya meza. Ujumbe, tangu jana jioni: "Nafasi zote za Waffles kwa wiki hii tumezighairi ili familia ipate kupumzika. Msiwe na wasiwasi wa faini. Tunamwombea."

Meza yangu! Mdomo wangu mwenyewe umeniponza. Na siwezi kusema! Nitasema nini? Kwamba mstaarabu ni mimi? Kwamba ni mbwa?

Balaa la pili. Wanne, na sisi watano. Curtis akasema bila kupumua kwamba yeye atabaki nje, hana shida, atakula ndizi. Wanawake wote wakamtazama kwa macho ya huruma. Nikaona anakuwa shujaa mara mbili kwa asubuhi moja. Nikasimama. Nikasema haiwezekani, nitabaki mimi! Akasema hapana, mwanyumba. Nikasema ndiyo, mwanyumba! Tukavutana hivyo mpaka mezani pa jirani wakaacha kula. Nimeshinda. Nimeshinda kukaa nje.

Sijui nimefanya nini.

Adhuhuri yote nimelala kwenye boya. Mawingu ya Florida yanajijenga juu kama keki za harusi, kisha yanasahau yalichokuwa yanajenga. Mwishoni nikapata mpango. Kesho nitafika mlangoni pa Kioo cha Ziwa kabla yao. Nitadai haki ya baba mwenye mtoto mgonjwa. Kiti kimoja tu. Nani atakataa?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, hata yanayoniumiza.

Saa sita kasorobo nilikuwa mlangoni. Mapokezini yuko dada mmoja, beji yake inasema Yadira, wa mji wa Kissimmee, nywele zimefungwa vizuri, macho yamechoka. Nikajitambulisha: baba yake Waffles. Akaweka kalamu chini. Ni yeye aliyepokea simu yangu Jumanne! Supu alituma yeye. Puto alilichagua mwenyewe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza mtoto anaendeleaje.

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nao hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mikono yake ilikuwa na joto, na samaki wa rangi ya chungwa walikuwa wanapita chini ya viatu vyetu, polepole sana, kana kwamba hakuna anayedaiwa jibu lolote duniani. Nikajisikia nasema: "Amekufa."

Yadira akapiga ishara ya msalaba. Akaanza kulia. Mhudumu mwenye sinia akasimama. Mwingine akaja, akanikumbatia. Nikasema hapana, hapana, si sasa, ni mwezi Machi. Yadira akauliza Machi ipi, na ugonjwa wa Jumanne ulikuwa wa nani. Nikasema alikuwa mbwa.

Yule mhudumu akaacha kunikumbatia.

Nilitegemea atanifokea. Hakufoka. Alifuta macho, akaniuliza kama ni mimi niliyeshika meza ya Shamba la Bibi Jumatatu jioni, kwa jina la Pruitt. Nikakubali. Akasema, "Jumatatu nilikuwa zamu pale. Kila anayekuja namwambia hakuna nafasi. Na meza yako iko wazi nyuma yangu, imetandikwa, kila mtu anaiona. Kuna mama alikuwa na watoto watatu, wametoka kwenye jua la mchana kutwa, mmoja amelala begani. Akainyooshea kidole meza ile. Akaniita mwongo mbele ya wanawe." Akavuta pumzi. "Mwongo mimi, baba. Siyo wewe."

Nikainamisha kichwa. Mimi, Delmar! Nikamwomba radhi kwa sauti ndogo. Nikamwambia kiti nilichokuja kuomba nimekiacha. Akasema hata nisingekiacha hakipo.

Wakati huo familia ikafika. Bi Opal kavaa gauni la bluu na hereni za lulu. Alipokanyaga kioo alisimama, akatazama chini, akacheka peke yake. Nikatoka kupitia pembeni.

Nikakaa kwenye benchi ukingoni. Hakuna upepo. Ziwa limelala kabisa. Kupitia dirishani niliwaona wakiinua glasi, bila sauti, kama watu walio chini ya maji. Baada ya nusu saa Curtis akatoka. Akasema amekula nusu, niingie nimalizie, samaki ni mtamu. Nikakataa. Ubaya wa Curtis ndio huo, ni mtu mwema kwelikweli.

Kisha akatoka Bi Opal. Kwenye kitambaa cha mezani amebeba kipande cha pai ya ndimu. Akakaa kando yangu, akanipa. Akasema, "Mbwa kafa Machi, kaugua Oktoba. Hesabu hiyo imenishinda. Haya, niambie."

Nikamwambia. Meza tatu, Waffles, uso wa unyenyekevu, vyote. Alisikiliza akitazama maji. Nilipofika kwenye puto mabega yake yalianza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka lulu zinagongana.

Akaniambia jambo ambalo hata Lorna halijui. Mwaka ule yeye na Walter hawakuwa na nafasi. Walter alijitambulisha mlangoni kwamba ni mkaguzi wa vioo, katumwa na serikali ya jimbo. Akaingia anagonga sakafu kwa kisigino, anatikisa kichwa, anaandika kwenye karatasi ya duka la viatu. Wakapewa meza ya katikati. "Nikala natetemeka," akasema Bi Opal. "Kila mlango ukifunguka nasema ndio hao, wanakuja kutufukuza. Yule samaki sijui hata ladha yake. Miaka yote hii nimetamani kurudi nile taratibu. Kwenye meza yangu ya halali."

Nikamuuliza, na leo?

"Leo nimekula taratibu, Delmar."

Delmar! Amesema Delmar. Nililamba ndimu kwenye vidole ili nisimwonyeshe uso.  Korongo mweupe alisimama ndani ya maji mafupi, mguu mmoja, akiwaza, au labda naye amelala. Sijui tulikaa muda gani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtu mpya. Nimeamka mapema, nikafungua simu, nikaghairi meza moja kati ya mbili zilizobaki za jioni ya leo. Saa kumi nzima kabla ya mlo! Kwa adabu!

Ujumbe ukaja papo hapo: "Asante, Delmar! Kwa kughairi mapema umeifurahisha familia nyingine." Na picha ya nyota inayomeremeta.

Nikausoma mara nyingi. Kifua kikajaa joto. Jioni nikapita makusudi Gati la Kamba, ambako nilighairi, nikachungulia. Kwenye kona alikaa mzee na bibi yake, wamefungiwa vitambaa shingoni, wanamenya kamba na kulishana. Meza yangu. Taa za ziwa zinawachezea usoni. Mimi ndiye niliyewapa. Nikasimama gizani mwa mitende nikiwatazama kama malaika, mpaka mhudumu akauliza kama nimepotea.

Nilipitia kwa Yadira nikamwonyesha ujumbe wangu wa asante. Akasema vizuri, baba. Nikamwonyesha tena. Akasema ameuona.

Lorna anasema nimebadilika. Curtis amenipa mkono. Utamu gani huu ambao watu waadilifu wamekuwa wakiuficha miaka yote?

Jumamosi, 11 Oktoba

Uwanja wa ndege, Orlando. Ndege imechelewa. Kila mtu kalala vitini, midomo wazi, puto la Waffles limefungwa kwenye mkono wa Lorna, linapepea juu ya kichwa chake kama wazo zuri.

Mimi sijalala. Alfajiri ya leo mikahawa ya Bandari ya Nyota imefungua nafasi za tarehe kumi Desemba. Nimewahi! Nimeshika meza kumi na moja. Jina la Curtis, jina la Janine, la Bi Opal, la marehemu Walter, la wafanyakazi wangu wote dukani na wake zao.

Hatutakuwepo, bila shaka. Tarehe kumi Desemba nitakuwa Fort Wayne, kwenye theluji, natandika zulia la kanisa. Hapo ndipo uzuri ulipo! Nitazighairi zote. Mapema, kwa adabu, tarehe nane. Familia kumi na moja zilizokata tamaa zitafurahi kwa mpigo. Asante kumi na moja, nyota kumi na moja.

Curtis ameamka, kaangalia simu yake. Anasema ajabu, kuna rafiki yake anakuja huku Desemba na mke wake aliyetoka hospitali, na tayari hakuna nafasi popote. Nikamgusa bega. Nikamwambia awe na subira, mwanyumba, wastaarabu bado wapo.

Kwenye kiganja nimejiandikia kwa kalamu: tarehe nane. Sasa naenda kunawa mikono, abiria wanaitwa.